Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mchonga mawe hakuwa mtu wa maneno, na asubuhi ile, yote aliyokuwa nayo aliyamaliza kwa kulalamika. Alikuwa amepewa kazi ya kuchonga nyuso za mabaharia wa manowari iliyopotea, kila uso na jiwe lake, mawe yapangwe kwenye ukuta karibu na lango la bandari. Familia zilikuwa zimemletea bahasha, na ndani ya kila bahasha picha ya mtu wao. Sasa bahasha mbili zilikuwa na uso mmoja. Uso ule ule, kovu lile lile juu ya nyusi, ila majina mawili tofauti.

"Mimi nikishachonga sina kifutio," alimwambia Mwenyekiti wa chama cha familia. "Kaamueni kwanza huyu ni nani, ndipo mnirudie."

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kupenda mambo yaende kimya kimya. Kaka yake mkubwa alikuwa ndani ya manowari ile. Aliona kwamba akilipeleka jambo hili mkutanoni watu watatoana macho, na uchungu wa miaka arobaini na kitu utageuka ugomvi wa siku moja. Akampigia simu Sindano.

Jina hilo alipewa na wenzake wa idara ya upelelezi enzi zake za kazi, kwa kuwa alipenya pasipokuwa na nafasi na kila alipotoka alitoka na uzi. Sasa naye alikuwa mstaafu, mama mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni na tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu aanze kusema. Kesi za wizi na mauaji alizifanya nyingi, lakini kesi ya kutafuta mwenye uso hakuwahi kuipata, akaipokea kabla hajauliza malipo.

Alichokuta mezani kwa Mwenyekiti hakikuwa kingi. Manowari ilitoka bandarini mchana mmoja kwenda doria ya kawaida. Ikatuma salamu kwa redio kwamba mambo shwari, na hizo ndizo zikawa salamu zake za mwisho. Haikuonekana boti ya kuokolea, haikuonekana maiti, haukuonekana hata ubao. Kilichobaki ni picha moja iliyopigwa kwenye sitaha asubuhi ya kuondoka, watu wamejipanga safu tatu, vichwa wazi. Jeshi lilichapisha nakala na kuzigawa kwa familia. Familia hazikuwa na makaburi, zikaitunza picha ile kama kaburi.

Uso uliogombewa ulikuwa safu ya kati, wa tatu kutoka kushoto. Upande mmoja wa madai alikuwa bibi wa miaka sabini na zaidi, ambaye wanachama walimwita Dada wa Redio kwa sababu mdogo wake ndiye aliyekuwa mwendesha redio wa manowari, na pia kwa sababu akishaanza kuongea hapatikani pa kumzimia. Upande wa pili alikuwa mkunga wa hospitali kuu. Huyo alisema uso ni wa baba yake, fundi mitambo.

Kitu cha kwanza Sindano alichouliza ni majalada ya jeshi yenye picha za vitambulisho. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Jengo la majalada liliungua zamani, na kilichookolewa ni majina matupu. Na picha za nyumbani? Mwendesha redio alikuwa na albamu, akaondoka nayo ili akawaonyeshe wenzake. Fundi mitambo alikulia kituo cha yatima na hakuwa na mtu wa kumwekea picha.

"Na atakayeshindwa?" Sindano aliuliza.

"Jiwe lake litakuwa na jina tu," Mwenyekiti alisema.

Sindano alianza na Dada wa Redio. Alimkuta sebuleni kwa mwanawe, kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Bibi hakungoja mgeni aketi. Alieleza jinsi mdogo wake alivyokuwa akipiga miluzi chooni, jinsi alivyofundishwa redio, viatu alivyovaa siku ya mwisho, na kama Sindano asingemkata kauli wangefika mpaka kwa babu wa babu.

"Kovu hili, mama. Alilipataje?"

"Nilimtia mimi. Nilimrushia mfuniko wa sufuria. Alinichokoza, na mimi nilikuwa na hasira za karibu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto kwake, au kushoto kwako ukimtazama?"

Bibi alinyanyua mkono, akajigusa nyusi yake mwenyewe ya kushoto. "Hapa. Damu ilimwingia jicho hili. Mama alinichapa mpaka mkono ukamchoka, na aliyelia alikuwa yeye, akimwomba mama aniache."

Sindano alivaa miwani, akaisogeza picha kwenye mwanga. Alijiweka mahali pa yule kijana, mkono wake wa kulia mahali pa wake wa kulia, kama alivyofundishwa kuzisoma picha. Kovu lilikuwa juu ya nyusi ya kulia. Akamwuliza bibi tena kwa njia nyingine, akidhani labda ameteleza. Bibi hakuteleza. Alisema kushoto, na akaongeza kwamba mtu hasahau upande aliomjeruhi nduguye.

Aliulizwa nani alimwonyesha mdogo wake pichani. Hakuna, alijibu. Picha ilipokuja macho yake yalikuwa bado makali, na alimtambua hata kabla hajaketi. Serahangi wa meli, aliyeachwa nchi kavu siku ile, alikuwa amemwelekeza mahali pengine kabisa, lakini maskini alikuwa amechanganyikiwa, basi akamwitikia tu. Sindano aliandika habari za kovu. Hilo la Serahangi hakuliandika, na baadaye alijilaumu.

Kwa mkunga alikwenda jioni, mwenyewe akiwa ametoka kazini. Ule uso ulikuwa ukutani, umekuzwa hadi ukubwa wa dirisha dogo, umewekewa fremu na kioo kinachong'aa kwa kufutwa. Chini yake zilining'inizwa picha za watoto wawili wa kiume wa mkunga wakihitimu masomo, kana kwamba babu yao alikuwa akiwasimamia.

Maelezo yake yalikuwa mafupi na yaliyonyooka. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, wakati manowari imeshaondoka. Akalelewa na mama mdogo, ambaye hakuwahi kumtia machoni shemeji yake. Huyo mama mdogo ndiye aliyehudhuria mkutano wa kwanza wa familia baada ya meli kupotea, na huko Serahangi akamweleza mahali fundi mitambo alipokuwa amesimama: safu ya kati, wa tatu kutoka kushoto.

Serahangi alikuwa mkuu wa mabaharia wa sitaha. Yeye ndiye aliyewapanga watu siku ya picha. Mchana wa siku hiyo hiyo alibanwa na kidole tumbo, akashushwa akakimbizwe kwa upasuaji, na meli ikang'oa nanga bila yeye. Kwa hiyo katika watu wote waliokuwa kwenye sitaha ile asubuhi ile, ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa.

"Bibi anasema kovu ni la kushoto," mkunga alisema. "Wewe umeliona liko wapi?"

"Kulia."

"Basi. Wala simlaumu, macho yamemchoka." Aliugeukia ukuta. "Dada, mimi nimeongea na uso huu tangu sijajua kusoma. Nikifaulu namwambia. Nikifiwa namwambia. Kila anayeingia hapa husema nimefanana naye. Ukiniambia si yeye, nitakuwa nimeongea na nani miaka yote?"

Sindano alitazama uso wa ukutani, akatazama na wa mkunga, na kwa kweli hakuona kufanana kokote. Lakini kufanana hakujawahi kuwa ushahidi mbele yake. Alimuaga akiwa na uzito moyoni, maana alitamani mkunga ashinde, na mpelelezi akishaanza kutamani huwa ameanza kuharibu kazi.

Na kweli kila kitu kilielekea upande wa mkunga. Shahidi mmoja haoni vizuri na kovu lake haliko anaposema liko. Shahidi wa pili ana neno la mtu pekee aliyekuwapo. Sindano alimpigia Mwenyekiti kumwambia jambo linakaribia kwisha, na Mwenyekiti akashusha pumzi mpaka ikasikika kwenye simu. Kesi ilikuwa imejifunga yenyewe. Sindano hakuzipenda kesi za namna hiyo, zilimkumbusha watu aliowahi kuwafunga kisha akalazimika kwenda kuwafungua.

Kilichomkera ni kile asichokiandika. Serahangi alimwelekeza mama mdogo wa mkunga, na Serahangi huyo huyo alimwelekeza Dada wa Redio. Kwa nini neno lake liwe sahihi kwa mmoja na upuuzi kwa mwingine? Kabla hajaligeuza kuwa ushahidi ilimpasa kulipima. Wala hakwenda kwa mzee mwenyewe. Alikwenda kwa wale aliowaelekeza.

Alianza na kinyozi mmoja ambaye baba yake alikuwa mpiga mzinga. Kinyozi alimjibu huku akiendelea kumnyoa mteja. Serahangi alisema mpiga mzinga alisimama mwisho kabisa wa safu ya mbele, mkono wa kulia. Mama akatafuta, akamkuta mumewe mwisho kabisa mkono wa kushoto. Walimwambia Serahangi? Kinyozi alisimamisha mashine. Walimwonea huruma, alisema, mtu ametoka hospitali na nyuzi tumboni, amepoteza wenzake wote, ukamwambie amekosea? Akamwomba Sindano asimfikishie mzee, kwa vile ni wao peke yao waliokosewa.

Karani mmoja wa posta, ambaye mjomba wake alikuwa baharia wa sitaha, alisimulia hayo hayo. Wao nao waliambiwa kulia wakamkuta kushoto, wao nao walishukuru wakaondoka, na yeye pia aliamini kwamba ni familia yao peke yake. Mwalimu wa chekechea, mpwa wa daktari wa meli, aliambiwa kushoto, mtu wao yuko kulia. Alipofika kwa mjane wa mpishi, Sindano alikuwa anaweza kulisema jibu kabla ya kuuliza, lakini mjane akamwangusha.

"Sisi hakutukosea," alisema. "Mume wangu alikuwa mnene, akawekwa katikati kabisa ya safu ya nyuma. Ndipo aliposema, na ndipo alipo."

Sindano alitoka hapo akitembea haraka kuliko umri wake. Alimkuta Mwenyekiti ofisini akipanga viti.

"Kaka yako. Serahangi alikuonyesha wapi?"

Mwenyekiti aliendelea kupanga viti. "Kwani hilo linahusu?"

Sindano alinyamaza. Mwenyekiti alivumilia kidogo, kisha akashindwa.

"Alisema wa pili kutoka kulia. Kaka yangu ni wa pili kutoka kushoto."

"Ulimwambia?"

"Alisimama mbele yetu, mgongo ameipa picha, macho amefumba, machozi yanamtoka, anataja watu mmoja mmoja. Ningemwambiaje? Nilijua amekosea kwetu tu."

"Kila mmoja alijua amekosea kwake tu," Sindano alisema. "Mmemheshimu yule mzee mpaka mkamfanya mwongo. Lete picha."

Aliiweka mezani, akamweleza taratibu, maana Mwenyekiti alikuwa amekwisha kukasirika. Mtu anayesahau hukosea ovyo, mara huku mara kule. Serahangi alikosea kwa mpango. Aliyesemwa wa kwanza kulia amekutwa wa kwanza kushoto. Aliyesemwa wa pili kulia amekutwa wa pili kushoto. Ni wa katikati tu aliyekuwa sawa, kwa kuwa wa katikati hubaki katikati hata ukigeuza safu. Mzee hakukosea mahali popote. Kilichogeuka ni picha.

Mwenyekiti alibisha kwamba watu wangegundua. Wangegunduaje, Sindano alimuuliza. Maandishi yangegeuka na kila mtu angeona, lakini palikuwa na maandishi gani? Namba ya manowari ilikuwa imepakwa weusi kwa amri ya jeshi kabla ya nakala kutoka. Kofia zenye jina la meli walikuwa wamevua. Zikabaki nyuso, na uso wa mtu ukigeuzwa bado ni uso wake, mkewe atamjua. Sindano akaweka kidole kwenye kifua cha kaka wa Mwenyekiti. Shati la jeshi lina mfuko mmoja, nao hukaa kushoto, upande wa moyo. Hapa ulikuwa kulia. Kwa kila mtu, safu zote tatu. Picha ilitazamwa kwa miaka yote hiyo na hakuna aliyetazama mashati.

Hakuishia hapo, kwani alikuwa na desturi ya kuuliza hata anachokijua. Alipitia kwa mpigapicha wa zamani aliyestaafu kazi ya chumba cha giza, naye akathibitisha bila kufikiri mara mbili. Filamu ikiwekwa kwenye mashine upande usio wake, picha hutoka imegeuka, kulia kushoto. Hutokea kwa mtu mwenye haraka. Na nakala zikitolewa zote kwa mkupuo mmoja, hugeuka zote.

Basi kovu la Dada wa Redio lilikuwa kushoto, hapo hapo alipolipiga na mfuniko. Uso ulikuwa wa mwendesha redio. Na baba wa mkunga, wa tatu kutoka kushoto kama alivyosema Serahangi, kwenye nakala alikuwa wa tatu kutoka kulia. Sindano alirudi mezani kwa Mwenyekiti, akamtafuta kwa kidole. Mwili ulionekana vizuri, shati na mikono, vidole vya mtu wa grisi. Kichwa kiligeuka wakati kamera inapiga. Mahali pa uso palikuwa na ukungu mweupe, jicho halionekani, mdomo haujulikani unaanzia wapi.

"Huyo hana mtu," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Kila mwaka tukiipitia picha kwenye kumbukumbu, tunamruka."

Sindano aliichukua picha akaondoka, kwa sababu aliona kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpelekea mkunga ni hicho.

Serahangi aliishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mpwa wake, kitanda kimetandikwa bila mkunjo, viatu viwili vimepangwa pua kwa pua, kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Umri ulikuwa umempunguza kimo lakini sauti bado ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Picha ya manowari haikuwepo ukutani. Alipoiona mkononi mwa Sindano aligeukia dirishani.

"Mzee, umewahi kuitazama?"

"Sijawahi, mwanangu. Niliwapanga, naijua. Ya nini tena?"

Sindano alimwomba ataje safu ya kati, kutoka kushoto kwa mpigapicha. Mzee alifumba macho akaitaja bila kukwama, kila mtu na kazi yake, na Sindano akafuata kwa kidole kinyumenyume, kutoka kulia. Hapakuwa na kosa. Ndipo akamwomba asimame mbele ya kabati. Akaishika picha kuelekea kwenye kioo, ili mzee asiitazame yenyewe, atazame taswira yake.

Mzee alifumbua macho. Kisha kidole chake kikaenda kwenye kioo, kikaanza kupita kwenye vifua vya watu, kikiwahesabu tena kama asubuhi ile.

"Ndivyo walivyosimama," alisema. "Wako sawa." Kidole kikafika kwa wa tatu kutoka kushoto, na mzee akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Huyu ndiye aliyeniharibia picha."

"Alifanya nini?"

"Mpigapicha ameshahesabu, watu wametulia. Tarishi wa hospitali akaja na baiskeli mpaka gatini, akapaza sauti, fundi, umepata msichana. Akageuka. Nilimfokea mbele ya watu wote. Wala hakunisikia. Baada ya hapo akamshika kila mtu mkono, mpaka mimi niliyemfokea. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona, lakini mitambo ilikuwa imeshawashwa na fundi haachwi. Nahodha akamwambia ataenda wakirudi."

"Mama mdogo wa binti yake alikuja kwenye mkutano. Binti mwenyewe unakutana naye kila mwaka."

"Nakutana naye."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Serahangi aliutoa mkono kwenye kioo. "Nilidhani wanajua. Na nani aliniuliza? Kila mwaka mnanikalisha kiti cha mbele, mnaniletea chai, mnaniuliza afya. Nikianza tu kusema siku ile, wananiambia mzee pumzika, usijiumize."

Sindano alimsaidia mzee kukaa kitandani, akamwachia picha kwa sababu aliiomba.

Kesho yake asubuhi alichukua nakala nyingine kwa Mwenyekiti, akamfuata mkunga hospitali. Alimkuta kwenye wodi ya wazazi, naye akamvuta kwenye kona ya ukumbi karibu na mlango wa chumba cha kujifungulia. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye benchi la ukuta, walikaa wanaume kadhaa na vifurushi vya nguo magotini, kila mmoja akijifanya anatazama sakafu.

Alimweleza kwa mpangilio, kovu, mashati, filamu, familia zilizonyamaza. Hakumpunguzia. Mkunga alisikiliza mikono ameikunja, macho makavu, na aliposikia kwamba uso ule ni wa mwendesha redio aliinamisha kichwa.

"Ile ya ukutani nitaishusha mwenyewe," alisema. "Mpelekee Bibi. Mwambie nimekosa adabu kumsema macho yake."

"Hukukosa adabu, sista."

"Mpelekee." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na wangu ni yupi?"

Sindano alimwonyesha. Mkunga aliisogeza picha karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alipapasa pale penye ukungu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefuta vumbi, na halikuwa vumbi.

"Hana uso," alisema.

Kabla Sindano hajafungua mdomo, muuguzi mwenzake alitokea mlangoni akamwita kwa jina la kazi. Mkunga alimrudishia picha, akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa ameshabadilika, mgongo umenyooka, akavuka ukumbi hadi kwenye benchi na kuinama kwa kijana mmoja aliyekuwa amelala kidogo akiwa amekaa. Alimwambia maneno machache tu. Kijana aligeuza kichwa kwa kasi, akamtazama, akautazama mlango, akamtazama tena, na kifurushi kikamwanguka bila yeye kujua. Mkunga alikiokota, akampa, akarudi.

"Niendelee?" Sindano aliuliza.

"Endelea."

Basi akamweleza alichokisema Serahangi: tarishi, baiskeli, gati, na lile neno moja lililomgeuza baba yake kichwa. Alimweleza kwamba alimshika kila mtu mkono, na kwamba aliomba ruhusa ya kuja, akaambiwa wakirudi. Mkunga aliomba arudiwe pale pa tarishi. Akarudiwa. Safari hii machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mama mdogo alikuwa akiniambia baba aliondoka hajui kama nimezaliwa."

"Alijua. Aliondoka akijua."

Mkunga aliichukua picha tena. Hakuisogeza karibu wala hakuiweka mbali, aliishika tu usawa wa kifua na kuitazama kama mtu anavyomtazama mtu.

"Nataka achongwe hivi hivi," alisema. "Asimnyooshe, asimtungie macho. Amchonge akiwa amegeuka."

Sindano alimfikiria mchonga mawe na ulimi wake mzito. "Atakataa, sista. Atasema hapa hapana uso wa kuchonga."

Mkunga aliwatazama wanaume wa kwenye benchi. Yule kijana alikuwa bado amesimama, kifurushi amekikumbatia, hajui aende wapi.

"Mwambie aje asimame na mimi hapa mlangoni asubuhi moja," alisema. "Atauona."